Mama Juisi Anaozesha

Kuna watu wasiotupa kitu, halafu kuna Mama Juisi. Huyo hata neno akishalisema hulifuta vumbi akaliweka, kesho alitumie tena. Vipande vya sabuni vilivyokonda mpaka vikawa kama kucha, yeye alivibana pamoja vikawa sabuni mpya ya rangi zote. Uzi uliofumuka kwenye shuka kuukuu ulitia kiraka shuka jipya. Hata mumewe alipotoka kwenda kununua betri za redio asirudi, watu walikuja na nyuso zao za msiba wakamkuta ameitoa redio matumbo, amejaza udongo, anapanda kitunguu.

"Kitu kikikataa kusema," aliwaambia, "basi kiote."

Kitunguu kiliota. Wanaosema kilikuwa kikubwa kuliko kichwa cha mtoto wametia chumvi kidogo, lakini kidogo tu.

Kazi yake ilikuwa kuuza juisi nje ya geti la soko. Alikuwa na mashine ya kukamulia miwa iliyolia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisu cha mananasi, na meza yenye mguu mmoja wa kuazima. Jioni wenzake walirudi makwao na vikapu vitupu. Yeye alirudi na mzigo mzito kuliko aliotoka nao asubuhi, maana utamu waliunywa wateja, maganda yakabaki yake. Gari la taka liliyakataa. Dereva alisema maji ya mananasi yanakula bati la gari lake.

"Basi gari lako lina maradhi, lipeleke hospitali," Mama Juisi alimwambia, lakini dereva alikwisha kupandisha kioo.

Alipanga chumba katika nyumba ya vyumba vinavyotazamana, uwanja mmoja katikati, bomba moja la maji, na kamba za nguo zilizopishana kama mistari ya kiganja. Kwenye fremu ya mlango wake kulikuwa na mikwaruzo ya kisu, mmoja juu ya mwingine, aliyokuwa akimpimia kimo bintiye tangu siku aliposimama bila kushikwa. Mwenye nyumba aliitwa Mzee Kufuli. Jina lake la kuzaliwa hata yeye alilikumbuka kwa kulisaka. Alifunga geti, alifunga stoo, alifunga sanduku la barua ambalo halijawahi kuona barua, na funguo zote alizining'iniza kiunoni, hivi kwamba akitembea utadhani jiko zima linahama.

Yule binti wa kwenye mikwaruzo sasa alikuwa mtu mzima, fundi cherehani mwenye kibanda mtaa wa pili. Aliitwa Sindano kwa sababu mbili, na ukitaka kujua ya pili, mchokoze. Umri wake ulikuwa ule ambao majirani huacha kumwuliza mtu habari za kazi, wakaanza kumwuliza habari za ndoa. Alikuja mchumba mmoja akasifia gari lake tangu asubuhi hadi mchana. Sindano akamjibu, "Kumbe umeshapata wa kukaa naye," akarudi kwenye cherehani yake.

Sasa, kisa chenyewe kilianza na mfuniko.

Mama Juisi alikuwa amejaza maganda kwenye ndoo, akaifunika kwa nguvu ili mainzi wasihamie, akaisahau juani. Siku moja mfuniko ule ukaruka. Haukudondoka, uliruka! Ulipita juu ya kamba za nguo, ukabeba suruali ya Mzee Kufuli, ukaipeleka juu ya paa, na kunguru aliyekuwa akipita zake aligeuza njia. Mpaka leo kunguru wa mtaa ule huzunguka nyumba ile kwa heshima.

Bahati nzuri fundi bomba alikuwepo uwanjani, anabadilisha mpira wa bomba la maji. Kijana mrefu, mikono mirefu, angeweza kujikuna goti bila kuinama, na mwenye haya kiasi kwamba akisalimia watu alizungumza na viatu vyao. Aliinua kichwa.

"Mama, hiyo ni gesi."

"Hayo ni maganda, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Maganda yakioza mahali pasipoingia hewa yanatoa gesi. Ukiikamata ukaipitisha kwenye bomba, inawaka. Unapikia."

Mama Juisi alikaa chini. Alijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba nywele zote alizowahi kunyoa zilikuwa dhahabu.

"Yaani moto umo humu ndani," alisema, akiikodolea macho ile ndoo, "na mimi kila siku nakohoa moshi wa mkaa?"

Tangu siku hiyo hakulala akatulia mpaka alipopata pipa. Lilikuwa pipa la plastiki la bluu, kubwa, lenye tumbo, alilolitoa kiwanda cha sabuni ambako lilikuwa linakaa bure nyuma ya ukuta. Fundi bomba akalitoboa, akaliwekea mdomo wa kulishia, bomba la kutolea gesi, na koki. Gesi ingeingia kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, uliolazwa juu ya benchi. Mpira ukivimba, ujue kuna moto wa kupikia. Mama Juisi alikatakata maganda kwa panga, akachanganya maji, akaongeza kinyesi cha ng'ombe kutoka kwa muuza maziwa, kianze kazi kama hamira kwenye unga. Akakifunga kinywa cha pipa, akalipiga kofi la mapenzi, akaliita Bwana Pipa. Alisema nyumba ile imekosa kwa muda mrefu mwanamume anayekaa pale unapomwacha.

Lakini Bwana Pipa hakuwa na afya. Kwanza mananasi yalizidi, akapata kiungulia. Alitoa harufu ya uchachu iliyopita chini ya milango kama mgeni asiyejua kubisha. Mkate ulionunuliwa asubuhi uliogopa kukatwa. Mzee Kufuli alitoka chumbani macho mekundu.

"Mama Juisi! Nimeota niko ndani ya soksi."

"Ya nani, Mzee wangu?"

"Ya mtu nisiyemjua!"

Mama Juisi akalilisha pipa majivu yaliyochekechwa, kidogo kidogo, kama unavyomnywesha mtoto dawa ya tumbo, na akapunguza mananasi. Uchachu ukatulia. Kila jioni aliliosha kwa kitambaa, akalisemesha. Ikabaki shida moja: mpira haukuvimba. Gesi ya kwanza fundi mwenyewe aliifungulia itoke, akisema hiyo haiwaki, ni pumzi ya mtu aliyeamka tu. Sawa. Lakini baada ya hapo, mpira uliinuka kidogo kama mtu anayetaka kutoka kitandani, kisha ukaghairi ukalala tena.

Fundi alikuja akapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote, akaangalia kama kuna mapovu. Kulikuwa na kiungo kimoja nyuma, kinachotazama ukuta, ambacho hakuna mkono ulioweza kukifikia ila ule wake mrefu. Kila alipokuja aliuingiza huko mpaka begani, kisha akasema:

"Panavuja kidogo, mama. Nitarudi."

Akarudi. Akarudi tena. Siku nyingine alisahau spana, akarudi kuichukua. Akaichukua spana akasahau kofia. Na ajabu ni kwamba pipa lilivuja zaidi jioni, Sindano akishafunga kibanda chake akarudi nyumbani.

"Fundi," Sindano alimwambia siku moja, "hebu niambie, mgonjwa ni pipa, au ni wewe uliyelazwa hapa?"

Fundi aliitazama miguu yake mpaka miguu yenyewe ikaona haya.

Hatimaye Mzee Kufuli akachoka. Alisimama katikati ya uwanja, akazinyamazisha funguo zake kwa mkono, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwamba hatanii.

"Mama Juisi, tumeishi vizuri. Lakini sasa nisikilize. Jumamosi nitakuja hapa na kikombe changu. Hilo pipa likichemsha chai, nitainywa, na maneno yangu yote nitayameza pamoja nayo. Lisipochemsha, linatoka getini, na wewe unatoka nalo."

Mama Juisi aliangalia fremu ya mlango wake. Unaweza kuhama na sufuria, na kitanda, na mashine ya miwa. Mikwaruzo ya mlangoni utaibebaje?

Kesho yake mezani alikatakata miwa kwa hasira. Jirani yake pale getini alikuwa Mama Pasi, aliyepiga nguo za watu pasi ya mkaa, na sikio lake lilikuwa moto kuliko pasi.

"Shoga, leo hiyo miwa imekutukana?"

"Niache. Naozesha, na Jumamosi ndiyo siku yenyewe."

Pasi ilisimama juu ya shati la mtu. "Unaozesha! Jumamosi hii? Na mbona kimyakimya?"

"Kimya gani? Mtaa mzima umeshanusa."

"Mimi sijanusa, shoga yako! Haya, bwana mwenyewe ni nani?"

Mama Juisi alidhani dunia nzima inajua utani wake. "Bwana Pipa, nani mwingine?"

"Pipa... Mtu wa wapi huyo?"

"Nilimtoa kiwanda cha sabuni."

"Mtu wa kiwandani!" Mama Pasi akameza mate. "Mnene?"

"Tumbo hili hapa." Mama Juisi akaonyesha kwa mikono miwili. "Lakini mpole. Unachompa anameza, hachagui. Tatizo lake harufu tu."

"Ah, hiyo ni ya wote. Haogi?"

"Namwosha mwenyewe kila jioni."

Mama Pasi alimtazama kwa huruma isiyo na mwisho. Alishawahi kusikia mama mkwe anayempikia mkwe, anayemfulia pia, lakini huyu!

"Utakuja?" Mama Juisi akauliza. "Njoo na kikombe."

"Nije na kikombe kimoja kama nimefukuzwa kwetu? Nitakuja na seti nzima!"

Hapo ndipo waliposikia harufu ya kuungua. Mfuko wa shati la mtu ulikuwa umekwenda na maji, au tuseme na moto. Mama Pasi hakujali. Alikuwa na habari mdomoni, na habari ikikaa mdomoni mwa Mama Pasi hupata moto ikamchoma ulimi.

Alhamisi mchana fundi bomba alikuja. Alikuwa amepita getini kwa Mama Pasi, naye alikuwa amempa habari yote isipokuwa jina la bwana harusi, ambalo lilikuwa limeshamtoka kichwani. Alikumbuka tu ni mtu mnene wa kiwanda cha sabuni. Fundi aliingia kama mtu aliyebeba nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Juisi yako hiyo, nimekuwekea."

Hakuigusa. Alipita nyuma ya pipa, akaingiza mkono mpaka begani, uso ukiwa ukutani.

"Mama," aliuambia ukuta, "nimesikia unaozesha Jumamosi."

"Nimeshaozesha, mwanangu! Jumamosi ni watu kuja kuona tu."

Spana ikaanguka.

"Na mwenyewe... ameridhika?"

Mama Juisi alilipapasa pipa. "Ameridhika sana! Si unaona tumbo limeanza kujaa? Weka sikio, linanguruma."

Spana, iliyokuwa imeokotwa, ikaanguka tena.

"Tumbo," fundi alisema.

"Alinisumbua kidogo mwanzoni, uchachu kila saa. Nikampa majivu, sasa ametulia kabisa."

Ikasikika spana ikikaza. Ilikaza, ikakaza, mpaka bomba likalia. Alipomaliza kiungo cha nyuma alikuja mbele, akaifunga koki ya jikoni nayo, akaikaza kama mtu anayefunga sanduku la safari isiyo na kurudi.

"Sasa haitavuja tena," alisema. "Mungu awajalie heri, mama. Sitarudi."

"Amina, mwanangu! Tuombee tu lisipasuke."

Fundi alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wafahamiane, akafumba macho, akachukua spana, akachukua kofia, akachukua hata kile kipande cha sabuni cha kupakia povu. Mama Juisi akajisemea: kijana amechoka, maskini, pipa limemmaliza.

Ijumaa, jua likielekea kuzama, Sindano aliingia amebeba vitambaa mpaka kidevuni. Alivibwaga kitandani.

"Mama. Hebu nieleze vizuri, kwa sababu sindano zangu ziko karibu. Leo wamekuja wanawake kibandani kwangu, kundi baada ya kundi, kushonesha nguo za harusi. Nikawapima. Nikawauliza harusi ya nani. Wakacheka, wakasema, 'Bibi harusi huyu ana vituko!'"

"Bibi harusi gani?"

"Mimi! Naolewa kesho na mtu mnene wa kiwanda cha sabuni, ananuka, na wewe unamwogesha!"

Mama Juisi alifungua mdomo. Akamgeukia Bwana Pipa. Bwana Pipa akanguruma. Ndipo kicheko kilipomkamata, kikamkalisha juu ya ndoo ya maganda, kikamtoa machozi, kikamtoa kilemba.

"Nilisema naozesha! Naozesha maganda, mwanangu! Maganda!"

"Neno hilo haliachwi litembee peke yake, mama! Lishike mkono. Sema 'naozesha maganda'."

"Mama Pasi aliniuliza bwana ni nani, nikamwambia..." Kicheko kikakatika. "Uwi. Na fundi."

"Fundi amefanya nini?"

Mama Juisi akamsimulia yote, la ukuta, la heri, la tumbo. Sindano alisikiliza akiwa amesimama.

"Ulimwambia tumbo langu limejaa?"

"La pipa!"

"Yeye alisikia la nani?"

Mama Juisi akaokota kilemba chake. Na Sindano, ambaye hajawahi kukosa neno la kumchoma mtu, alikaa kitandani juu ya nguo za harusi yake mwenyewe akashika kitambaa kimoja, akakikunja, akakikunjua.

"Hata kofia amechukua?"

"Hata sabuni."

Mama Juisi akatoka uwanjani kupunga hewa, na hapo akasimama. Mpira wa lori ulikuwa umevimba. Ulikuwa umenenepa juu ya benchi, mgumu, unang'aa, kama shavu la mtu aliyeficha kitu. Akautazama mpira. Akakitazama kile kiungo cha nyuma kinachotazama ukuta. Akamtazama binti yake kupitia mlangoni. Alifumba jicho moja, kama anavyolikagua chungwa lenye madoa.

Jumamosi watu walijaa uwanjani. Sindano alikuwa amewaeleza wateja wake asubuhi kwamba hakuna harusi, lakini walimwambia aibu ya bibi harusi ni pambo, wakaja. Walikuja wamesuka, wamenyoosha, wamejipulizia. Mama Pasi alikuja na seti ya vikombe kichwani. Alikuja Winchi, mchukuzi wa sokoni aliyewahi kubeba kabati na mwenye kabati ndani yake. Mzee Kufuli alitoka na kikombe chake cha bati, akakaa kwenye kiti.

"Bwana harusi yuko wapi?" Mama Pasi akauliza, akitafuta tumbo kati ya watu.

"Huyu hapa," Mama Juisi akasema, akalipiga pipa kofi.

Shingo zote zikageukia pipa. Akawaeleza kuhusu maganda, na gesi, na chai. Mama Pasi alishika kiuno.

"Lakini ulisema unamwosha!"

"Si namwosha?"

"Ulisema mpole!"

"Ameshamgombeza nani?"

Waliocheka walicheka, waliosuka nywele kwa ajili hiyo walichelewa kidogo kucheka. Lakini hakuna aliyeondoka, maana mtu akishavaa viatu vya harusi lazima aone kitu. Mama Juisi akateleka sufuria juu ya jiko, akashika kiberiti, akashika koki kuifungua.

Koki haikwenda.

Akajaribu kwa mikono miwili. Akajaribu kwa kanga. Sindano akajaribu, akaitukana. Winchi akasogea, akatema mate viganjani, akazungusha mpaka vifungo vya shati vikamruka, na kimoja hakijaonekana hadi leo. Wengine husema kiliingia kwenye kitunguu. Koki ilikaa vilevile ilivyoachwa na mtu aliyeifunga kwa uchungu. Mzee Kufuli naye akainuka, akajaribu funguo zake moja baada ya nyingine, kwa mazoea tu.

Akarudi kitini. Akakiinamia kikombe kitupu.

"Naona chai yenyewe ni hewa," alisema, tena kwa upole, na upole wake uliuma kuliko kelele. "Winchi, mwanangu, lizungushe hilo pipa getini."

Mama Juisi alilikumbatia pipa. Mikono haikufika nusu yake. Watu waliacha kucheka. Alikuwa amegeuzia shavu lake kwenye plastiki ya bluu, na macho yake yalikuwa yameangukia fremu ya mlango, kwenye mkwaruzo ule wa chini kabisa.

"Aliyefunga ndiye atakayefungua," alisema. "Sindano, kamwite fundi."

"Mimi?"

"Mimi nalinda pipa. Na maneno ya kumwambia huko siyo yangu."

Mzee Kufuli akakohoa. "Nawapa muda wa kikombe cha chai kupoa, basi."

"Ahsante, Mzee wetu," Mama Juisi alisema haraka, bado amelikumbatia pipa. "Mmesikia wote? Chai ambayo haijachemka haipoi leo wala kesho."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mzee Kufuli akafungua mdomo, akaufunga. Na alikuwa mtu ambaye akishafunga kitu hakifunguki. Sindano alikwisha kutoka mbio, tepu ya kupimia ikipepea shingoni.

Walichozungumza huko hakuna anayekijua chote. Fundi viatu wa kwenye kona alisikia kipande tu, walipompita: "Siolewi na pipa, mjinga wewe, kimbia!" Na kweli walitokea getini mbio, fundi mbele, Sindano nyuma akimswaga kwa tepu kama mbuzi aliyeingia shambani.

Fundi hakusalimia mtu. Alipiga goti, akashika koki. Mkono uliofunga uliijua njia. Ikalia kidogo, ikafunguka, ikapiga mluzi mwembamba. Mama Juisi akawasha kiberiti. Njiti ya kwanza ikazimika. Akawasha nyingine.

Mwali ukashika. Ulikuwa wa bluu, mdogo, msafi, bila moshi hata wa kumliza inzi, ukazunguka jiko lote kisha ukatulia, kama ulikuwa ukikaa hapo miaka yote. Wapo wanaosema maji yalichemka kabla sufuria haijagusa jiko. Hao walisimama mbali. Waliosimama karibu wanasema tu kwamba Mama Juisi hakupiga kelele. Aliweka majani, akakoroga, akajaza kikombe cha bati, akakipeleka mwenyewe kwa mikono miwili.

Mzee Kufuli akanywa. Akameza, na kila mtu akayaona maneno yakishuka kooni.

"Sukari haitoshi," alisema. Kisha, akiangalia pembeni: "Hili bomba... haliwezi kufika chumbani kwangu?"

"Linafika. Ila huko utalitia kufuli."

Vikombe vya Mama Pasi vilizunguka. Hapo ndipo Mama Juisi alipomvuta fundi karibu na pipa, akafumba lile jicho lake moja.

"Mwanangu, nifundishe. Kiungo hiki kilivuja, kikavuja, kikavuja. Siku uliyosema hurudi, kikapona. Kilikuwa kinaumwa nini?"

Fundi alitazama miguu yake. Miguu ilikataa kumsaidia.

"Kilikuwa... kinanipa sababu, mama."

Uwanja ukapiga vigelegele mpaka kunguru wakaongeza mzunguko.

"Yaani," Sindano alisema polepole, "umetuvujishia gesi hapa, umetunusisha, mama yangu akakaribia kufukuzwa, kwa ajili ya kuja kunisalimia?"

"Nilishindwa pa kuanzia."

"Neno moja tu, fundi! Hodi!"

"Kwa hiyo, shoga," Mama Pasi akadakia, kwa kuwa habari nusu ilikuwa inamchoma ulimi, "unaozesha au huozeshi? Nimebeba seti nzima!"

Aliyejibu ni Sindano. "Anaozesha maganda. Mimi siozeshwi na mtu, nikiiva nitajisemea." Akachukua kikombe, akamtilia fundi chai, akampa. "Na wewe, kesho ukija, spana iache kwenu."

Akaja kesho yake bila spana. Alisimama mlangoni akasema hodi kwa sauti ya mtu anayejifunza lugha ngeni, na ile mikono mirefu ikakosa pa kukaa, ikaning'inia kama nguo kambani. Mama Juisi akamwonea huruma, akampa panga na rundo la maganda ayakatekate. Sindano akakaa upande wa pili wa rundo na kisu, na wale wanawake walipokuja kuuliza nguo zao, aliwaambia zinashonwa, wasimharakishe.

Siku hizi ukimkuta Mama Juisi getini ukamwuliza kazi inaendaje, atalishika lile neno mkono kama alivyofunzwa: "Naozesha maganda." Kisha atakumbuka wale wawili aliowaacha uwanjani, wakikata maganda bila kuyatazama, na atakuongezea juisi kidogo kwenye bilauri bila wewe kuomba.

"Hayo mengine," atakwambia, "yanajiozesha yenyewe."